Mwaka wa Gari Umeandikwa Chini ya Kiti

Anayeinua kiti cha nyuma cha Karmann Ghia ya zamani, akishaondoa vumbi, maganda ya karanga na pengine kiota cha panya, atafika kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Hapo pamegongwa tarakimu kwenye chuma chenyewe. Zikipanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, zinasomeka. Kwa Volkswagen zilizoundwa kuanzia Agosti 1964, tarakimu mbili za mwanzo hutaja aina ya gari: 11 ni Coccinelle, ile ya mgongo wa kobe, na 14 ni Karmann Ghia. Ya tatu ndiyo mwaka. Namba inayoanza na 147 ni ya Karmann Ghia ya modeli ya 1967, na kwa hesabu ya kiwanda mwaka huo ulianza Agosti 1966, wafanyakazi waliporudi kutoka likizo ya kiangazi.

Rangi ya viti, umbo la vitufe, usukani, zulia, hata sauti ya kifuniko cha sanduku la dashibodi kikifungwa: vyote vinafuata tarakimu hiyo ya tatu. Bahati mbaya, wengi huisoma mwisho, viti vikiwa vimeshashonwa upya na pesa imekwisha.

Karmann Ghia si gari la kushindana na Ferrari. Umbo lake lilichorwa na karakana ya Ghia mjini Turin, mwili ukaundwa na Karmann mjini Osnabrück, Ujerumani, lakini chini yake mna sakafu na injini ya Coccinelle, ile iliyobeba mapadri, waganga na makarani kwenye barabara za Kivu. Iliundwa kuanzia 1955 hadi 1974. Wenye Porsche huicheka, ingawa Porsche 356 yao nayo imetoka katika ukoo huohuo wa Volkswagen. Hapa inafaa kuwa mfano kwa sababu moja: ni gari la spoti ambalo fundi wa Bukavu anaweza kulirudisha barabarani kwa ujuzi alio nao tayari. Injini anaijua. Breki anazijua. Kinachomsumbua ni ndani.

Na kinamsumbua kwa sababu za kihistoria. Mji huu, ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, ulijengwa na Wabelgiji wakiwafikiria watu wenye magari: barabara kuu ndefu ambayo leo ni Avenue Patrice Lumumba, nyumba za Art Deco zenye kona za mviringo, na majumba ya kwenye rasi yanayotazama Ziwa Kivu. Baada ya uhuru wengi wa wenye magari hayo waliondoka, na wengine waliondoka mbio. Agosti 1964 waasi wa Simba waliingia mjini wakarudishwa na askari wa Kanali Mulamba, ambaye jina lake limebaki kwenye Place Mulamba. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliukalia mji kuanzia Agosti hadi Novemba. Gari lililoachwa uani katika siku kama hizo halikuachwa pamoja na kitabu chake cha maelekezo.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinahamia mikononi mwa Wazaire. Wabelgiji, Wagiriki na Wahindi waliokuwa wakiagiza magari na vipuri walipoteza maduka yao, na uzi uliowaunganisha na viwanda vya Ulaya ukakatika. Ndipo ulipokomaa ufundi wa Bukavu kama unavyojulikana mpaka leo: gari litembee, kwa piesi yoyote itakayoingia. Kiti cha mbele kikivunjika, kinaletwa cha Toyota na kuchomelewa. Sponji ikiisha, godoro linakatwa. Skai ikipasuka, inanunuliwa ile inayong'aa ya makochi ya sebuleni. Kifundo cha gia kinatoka kwenye lori, na swichi ya taa kwenye ukuta wa nyumba.

Hakuna wa kulaumiwa. Bila ufundi huo magari mengi ya miaka ya 1960 yangekuwa masufuria zamani. Lakini kukarabati gari la kale kunadai mkono wenye tabia nyingine kabisa: mkono unaosita, unaohifadhi, unaouliza kabla ya kukata. Fundi yuleyule anaweza kuwa na mikono yote miwili, mradi mwenye gari ajue anachomwomba.

Anachomwomba kwanza ni kuchagua maana ya neno "sahihi". Kuna usahihi wa kiwanda: gari lirudi kama lilivyokuwa siku lilipotoka Osnabrück. Kuna usahihi wa enzi: piesi haikuwamo siku ile, lakini mwenye gari wa 1967 angeweza kuinunua dukani na kuifunga mwenyewe, kwa mfano usukani wa mbao wa Nardi au redio ya Blaupunkt. Na kuna usahihi wa maisha ya gari lenyewe: kile lilichopitia, makovu yake, marekebisho yaliyofanywa na mtu fulani mahali fulani kwa sababu fulani. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30, likihifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe chombo cha safari za kila siku. Sharti hilo la mwisho peke yake lingeondoa nusu ya magari ya zamani ya Kivu, ambayo bado yanabeba mihogo.

Wengi huchanganya usahihi wa aina hizi tatu bila kujua. Viti vya kiwandani, usukani wa miaka ya 1980, zulia la sebuleni, halafu mwenye gari anashangaa kwa nini mgeni kutoka Brussels anatabasamu tu bila kusifu. Afadhali kushika njia moja na kuifuata. Kwa gari ambalo historia yake haijulikani, njia ya kiwanda ndiyo yenye majibu yanayoweza kupatikana.

Majibu hayo yako ndani ya gari lenyewe. Kibao cha mlango kikifunguliwa, nyuma yake mara nyingi hubaki kipande cha skai kilichokunjwa kuzunguka ukingo, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Hiyo ndiyo rangi halisi, si ile iliyopauka upande wa mbele. Chini ya reli za viti hubaki nyuzi za zulia la kwanza. Saa za VDO, ambazo Volkswagen na Porsche zilitumia, huwa na mwezi na mwaka wa kuundwa vilivyoandikwa kwa herufi ndogo mno, na vifaa vingi vya umeme vya Bosch vina tarehe iliyogongwa. Saa ya mwendo yenye tarehe ya 1971 ndani ya gari la 1967 si ya gari hilo, hata ikiwa inafanya kazi vizuri kuliko nyingine zote.

Mwenye uwezo wa kuandika barua anaweza kuvuka mipaka. Wakfu wa jumba la makumbusho la Volkswagen huko Wolfsburg hutoa cheti kinachofanana na cha kuzaliwa: ukiwapa namba ya chini ya kiti, wanaeleza gari lilitoka lini, likiwa na rangi gani nje, na viti vyake vilikuwa vya namna gani. Jumba la magari la Uingereza lililoko Gaydon hufanya hivyo kwa MG, Triumph na jamaa zake. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya kushona viti mara mbili.

Vitu vidogo ndivyo vinavyosema ukweli kwa sauti kubwa zaidi. Mfano mzuri ni geji ya mafuta. Coccinelle ya Export haikuwa na geji hiyo mpaka Agosti 1961. Dereva alikwenda mpaka injini ianze kukohoa, kisha akageuza kwa kidole cha mguu kishikio kidogo kilichokuwa mbele ya miguu yake, na lita chache za akiba zikafunguka. Aliyesahau kukirudisha baada ya kujaza tangi alijuta njiani. Basi Coccinelle ya 1959 yenye geji ya mafuta kwenye dashibodi imeguswa. Pengine aliyeigusa alikuwa na busara, kwa sababu barabara ya kuteremka Ngomo kuelekea Uvira si mahali pa kuishiwa petroli. Lakini imeguswa.

Vitufe navyo vina kalenda yao. Katika Volkswagen za miaka ya 1950 na ya 1960 mwanzoni vilikuwa vigumu, vingi vya rangi ya pembe ya ndovu. Kufikia modeli ya 1968, iliyoanza kutoka Agosti 1967, vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, laini, vinavyobonyea kwa kidole. Mabadiliko hayo hayakuletwa na wachoraji wa mitindo. Marekani, soko kubwa kuliko yote, ilikuwa ikianzisha kanuni za usalama za serikali kuu kuanzia tarehe 1 Januari 1968, na kanuni hizo ziliviangalia vitu vilivyochongoka ndani ya gari kama silaha zinazosubiri ajali. Kila kiwanda kilichouza huko kililainisha dashibodi zake.

Jaguar E-Type inaonyesha jambo hilo waziwazi. Za kwanza, zilizotoka 1961, zilikuwa na bamba la alumini lenye vitone katikati ya dashibodi na safu ya swichi za kuinua na kushusha, kama za ndege. Baada ya 1963 alumini ikaacha nafasi kwa weusi. Kufikia mwisho wa muongo, swichi za kuinua nazo zikabadilishwa kuwa za kubonyeza, bapa, zisizoweza kumchoma mtu goti. Anayeona E-Type yenye bamba la alumini na swichi bapa pamoja anaangalia magari mawili yaliyooana.

Kazi yenyewe iko kwenye viti.

Ndani ya kiti cha Volkswagen ya wakati huo hamna sponji. Juu ya springi za chuma umelazwa mkeka mnene wa nyuzi za kahawia unaokwaruza kiganja: makumbi ya nazi na manyoya ya farasi, yaliyogandishwa pamoja kwa utomvu wa mpira. Mtu wa Zanzibar angeutambua kwa kuushika tu, kwa maana ni usumba, ule ambao wanawake wa Jambiani hufukia makumbi yake kwenye matope ya pwani kwa miezi kabla ya kuyaponda na kusokota kamba. Kiwanda cha Ujerumani kilimkalisha dereva juu ya mnazi, na fundi wa Bukavu asiyewahi kuuona mnazi anatupa mkeka huo akidhani ni uchafu.

Anachoweka badala yake ni godoro. Tofauti inaonekana siku ya kwanza. Sponji huvimba katikati, kingo za kiti zinapoteza pembe, skai inavutika mpaka mishono inapiga kelele, na dereva mrefu anagusa paa kwa kichwa. Baada ya mwaka inabonyea upande mmoja. Usumba nao una kasoro zake: ukizeeka huvunjika na kuwa unga, na ukilowa hukaa na unyevu. Hata hivyo, ule ambao haujaoza unaweza kukung'utwa, kukaushwa kivulini, na kuongezewa tabaka jembamba la pamba juu. Springi zilizokatika zinaungwa na mafundi wa vitanda wa mjini bila shida. Mikeka mipya inauzwa Ulaya na Marekani, lakini kabla ya kuagiza, inafaa kuuangalia wa zamani mara ya pili.

Skai ni shida ya namna nyingine. Katika Volkswagen za mwishoni mwa miaka ya 1960 na za miaka ya 1970 sehemu ya kukalia ilikuwa na alama za msuko wa kikapu, vijiraba vidogo vilivyopishana, na ukiipitishia vidole unausikia. Skai ya makochi inayopatikana sokoni Kadutu ni laini kama kioo, au ina mikunjo ya kuiga ngozi ya ng'ombe. Tena, mistari ya kiti cha kiwandani mara nyingi haikushonwa. Ilibanwa kwa joto, ikaacha mfereji mwembamba usio na uzi. Cherehani haiwezi kuutoa mfereji huo. Inatoa mstari wenye matobo, na jicho linaona.

Hapa hakuna dawa moja. Mwenye pesa ataagiza vifuniko vilivyokatwa tayari kwa mwaka wake, na kumwachia fundi kazi ya kuvivika, ambayo peke yake inadai subira: skai huanikwa juani kwanza ili ilainike, kisha inavutwa kutoka katikati kwenda pembeni, upande huu kidogo na upande ule kidogo, isije ikapinda. Asiye na pesa ana njia ya heshima: kushona kwa skai isiyong'aa, rangi iliyopatikana nyuma ya kibao cha mlango, idadi ileile ya mistari na upana uleule, na kuhifadhi kifuniko cha zamani. Fundi aombwe akifumue kifuniko hicho kwa wembe, uzi kwa uzi, na kila kipande kitumike kama ruwaza. Akikichana kwa mkono, ruwaza imekufa.

Tatizo ambalo watu wa Kivu hulielewa haraka kuliko wa Ulaya ni la upande. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha kulia, na magari yaliyokuja na Wabelgiji yana usukani kushoto. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Mtu wa Bukavu anayetafuta piesi za gari la spoti la zamani, mahali pa karibu penye magari hayo kwa wingi ni Nairobi. Huko, Chama cha Wenye Alfa Romeo huandaa shindano la urembo wa magari tangu 1970, siku hizi kwenye Uwanja wa Farasi wa Ngong, na majaji huchungulia mpaka ndani ya buti. Piesi zipo, ila nusu yake zimegeuka. Dashibodi ya Nairobi ni ya mkono wa kulia na haitaingia. Kiti, kifundo cha gia, kishikio cha kioo, kioo cha ndani, taa ya paa: hivyo havina upande, au upande wake unahamishika. Saa ya mwendo ya gari lililokuja enzi za Waingereza huenda ikasoma maili. Mzigo unaopitia Kampala na Goma, kisha meli ya ziwani, unapaswa kujulikana upande wake kabla haujalipiwa.

Hakuna gari linaloonyesha hilo kama Datsun 240Z, ambayo Afrika Mashariki inaidai kama mtoto wake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Miaka miwili baadaye Mehta na Lofty Drews wakashinda wenyewe, wakiwa wamefungana pointi na Harry Källström. Dashibodi ya 240Z ni bonge la sponji lililofunikwa skai nyembamba, na chini ya jua la Ikweta hupasuka kama udongo wa kiangazi. Ndiyo piesi inayotafutwa kuliko zote. Magari mengi ya aina hiyo yaliuzwa Marekani, yakiwa na usukani kushoto, kwa hiyo mwenye 240Z ya upande huo hana la kufanya Nairobi. Macho yake yaelekee California. Lakini ile skai nyeusi yenye almasi zilizotuna, inayofunika mgongo wa gia na vichwa vya shokamzoba za nyuma, haina neno na upande. Kushona almasi hizo ni kazi ambayo mafundi wa makochi wa Bukavu wanaiweza, wakipimiwa ukubwa wa kila almasi kwa rula. Wakikadiria kwa macho, almasi zitakuwa kubwa kama za kochi.

Gari lile la ushindi la 1971, namba 11, linatunzwa na Nissan huko Japani. Mwaka 2013 klabu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo ililirudisha katika hali ya kukimbia. Injini, breki, mabomba, vyote vilishughulikiwa. Mwili ukaachwa na michubuko yake ya Safari. Hapo wenye gari walichagua usahihi wa aina ya tatu, wa maisha ya gari, na ni vigumu kupinga: 240Z inayong'aa ziko nyingi duniani, iliyoshinda siku ile ni moja. Ndani ya gari la rali la wakati huo kulikuwa na vitu ambavyo dukani havikuwamo, kama kifaa cha Halda kutoka Uswidi cha kupima umbali kwa ajili ya msoma ramani, na taa yake ndogo ya shingo ndefu. Anayekarabati gari la namna hiyo na kulirudishia zulia la kiwandani amelifuta.

Redio huleta ubishi mwingi, na ubishi huo unaweza kufupishwa kwa tarehe. Philips ilionyesha kaseti yake mjini Berlin mwaka 1963, na vichezeo vya kaseti vya magari vikaanza kutoka 1968. Kwa hiyo tundu la kaseti kwenye dashibodi ya gari la 1962 ni kosa, na Bluetooth ni kosa lenye taa ya buluu. Anayetaka muziki afiche kifaa ndani ya sanduku la dashibodi na kuiacha redio ya zamani iwe kimya mahali pake. Asikate chuma kupanua tundu. Tundu lililopanuliwa halirudi.

Mikanda ni mahali ambapo usahihi unapaswa kushindwa. Mkanda wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na Volvo PV544 ambayo ndugu Joginder na Jaswant Singh walishinda nayo Safari ya 1965 ilikuwa ya aina ya kwanza kuutumia. Magari mengi mengine ya miaka hiyo yalitoka bila mkanda wowote. Mtu anayelisukuma gari lake barabara ya Kavumu siku ya Jumapili, katikati ya malori na pikipiki, asiseme kwamba 1962 hakukuwa na mikanda. Aifunge, ya rangi iliyopoa, kwenye chuma kilichoimarishwa. Jaji anayemnyima pointi kwa hilo hajawahi kuendesha Kivu.

Kuna adui mwingine asiyeandikwa katika vitabu vya Ulaya. Bukavu iko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari. Mvua inaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na nyumba za karibu na ziwa zinajua ukungu wa kijani kwenye viatu vilivyosahauliwa kabatini. Gari lililofungwa vioo kwa miezi huota ukungu huohuo kwenye kitambaa cha paa na chini ya mazulia, na sakafu inaliwa kutoka ndani. Zulia sahihi lililolazwa juu ya sakafu yenye unyevu litaoza kabla halijasifiwa. Kwa hiyo sakafu kwanza, raba za milango pili, na zulia liwe la mwisho kuingia.

Vitu vya kuagiza siku hizi vinaweza kusubiri. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimama na benki zikafunga, na katika hali hiyo hakuna anayeweza kumshauri jirani yake atume fedha California kwa ajili ya dashibodi. Lakini kazi ya kwanza haihitaji fedha wala mpaka ulio wazi. Kama kuna gari la namna hii uani, Nguba au Muhumba au kwa mjomba huko Bagira, likiwa limefunikwa turubai na kuku wanatagia ndani, inua kiti cha nyuma na uinakili ile namba. Piga picha kila kitufe, kila kibao, kila mshono, kabla fundi hajashika mkasi. Kila kinachotolewa kiingie kwenye katoni na kuandikwa jina, hata kile kiti kilichopasuka na usumba wake unaomwagika, na wanunuzi wa chuma chakavu wakipiga hodi, waambiwe kwamba hakiuzwi.